Trekta Dogo: Gia au Haidrostatiki Kwenye Vumbi la Kanda ya Kati

Anayetafuta trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 40, awe na shamba la zabibu Hombolo au ekari za alizeti Kongwa, mkoani Dodoma, huanza na bei, kisha nguvu ya injini. Namna nguvu hiyo inavyosafiri kutoka kwenye injini hadi kwenye tairi huwa swali la mwisho, na muuzaji hulimaliza kwa sentensi moja: hili la gia, lile otomatiki, la otomatiki ni rahisi kuendesha. Kweli ni rahisi. Lakini haipiti siku mbili atatokea mtu wa kumwambia kwamba hayo ya pedali hayadumu, na huyo naye hasemi uongo, kwa kuwa ameliona moja limelala nyuma ya gereji likisubiri pampu.

Kila mfumo una adui wake. Haidrostatiki, yaani hilo la pedali linaloitwa otomatiki, ambalo nguvu yake hupita kwenye oili, huuawa na oili chafu na joto. Gia huuawa na mguu wa dereva. Haidrostatiki iliyobadilishiwa filta kwa wakati itapita saa 3,000 bila kufunguliwa, na klachi ya trekta la gia linaloendeshwa na kila kijana anayepita inaweza kuisha msimu wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lipi imara, jiulize utakachoweza kukilinda ni kipi: oili au mguu. Halafu uliza kazi.

Kilichomo ndani

Kwenye haidrostatiki hakuna chuma kinachounganisha injini na tairi moja kwa moja. Injini huzungusha pampu ya pistoni, ambazo mara nyingi ni saba hadi tisa, zimepangwa kwa duara ndani ya silinda moja inayozunguka. Ncha za pistoni hizo zimevalishwa viatu vya shaba vinavyoteleza juu ya sahani inayoweza kuinama. Sahani ikiwa wima, pistoni hazisukumi kitu na trekta limesimama. Ukikanyaga pedali, sahani inainama, pistoni zinaanza kusukuma, na oili yenye shinikizo kubwa inakwenda kuzungusha mota iliyo jirani. Mota nayo huzungusha giaboksi ndogo yenye lo (gia ya polepole) na hai (gia ya kasi), wakati mwingine na gia ya kati, kisha difu, kisha tairi. Sahani ikiinamia upande wa pili, trekta linarudi rivasi. Katika mwendo huo wote hakuna klachi ya kuungua.

Oili hiyo inazunguka ndani ya mzunguko uliofungwa kati ya pampu na mota, na kwa kuwa kila mara kidogo huvuja kwenye nafasi za vyuma, kuna pampu ndogo ya kulishia inayojaza pengo. Hiyo ndiyo inayovuta oili kupitia filta. Filta ikiziba, pampu ya kulishia inakosa oili, mzunguko mkubwa unaanza kuvuta hewa, na viatu vya shaba vinasugua sahani vikiwa vikavu. Uharibifu wa namna hiyo hausubiri mwezi.

Kinachotenganisha viatu na sahani, na silinda na bamba lake la kugawia oili, ni utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu. Vumbi laini la Dodoma, lile linalobaki hewani dakika kadhaa baada ya lori kupita, lina punje za kutosha kuujaza utando huo. Punje inachora mstari kwenye bamba, mstari unafungua njia ya oili kuvuja kwa ndani, uvujaji unazaa joto, joto linaifanya oili iwe nyepesi, na oili nyepesi inavuja zaidi. Ukifikia hapo mduara unajiendesha wenyewe. Ndiyo maana malalamiko ya kwanza ya mwenye haidrostatiki inayochoka huwa yaleyale: asubuhi lina nguvu, ikifika saa tano halipandi tuta.

Gia hazina unyonge huo. Meno ya chuma kwa meno ya chuma, ndani ya oili, huvumilia uchafu ambao ungeimaliza pampu ya pistoni ndani ya wiki. Uchakavu wake una hatua pia, na kila hatua ina sauti: beringi inaanza kulia, gia inaanza kuruka, klachi inaanza kuteleza. Dereva mwenye masikio hupata onyo la wiki au miezi. Haidrostatiki ni bubu hadi uharibifu umeshaanza, isipokuwa kwa anayejua kuisikiliza oili.

Joto, na hesabu yake

Wapo wanaodhani haidrostatiki ni teknolojia ya juzi. Kampuni ya International Harvester ilitoa Farmall 656 ya haidrostatiki mwaka 1967, na suala lililojadiliwa wakati ule ndilo lililopo leo: kiasi cha nguvu kinachogeuka joto njiani.

Tuchukue injini ya nguvu za farasi 25 isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa). Jiji la Dodoma liko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo hapa unabaki na 22 hivi kabla hujagusa kitu. Giaboksi nzuri itakula sehemu moja kwa kumi. Haidrostatiki ikivuta kwa bidii itakula sehemu moja kwa tano, na kwenye mzigo mbaya zaidi ya hapo. Moja ya tano ya nguvu za farasi 22 ni kilowati 3 na ushei, sawa na birika mbili za umeme zinazochemka ndani ya giaboksi mchana kutwa. Joto hilo lazima litoke kupitia rejeta ndogo ya oili au mbavu za giaboksi yenyewe, katika hewa ambayo Oktoba na Novemba imeshapita nyuzi 30.

Hata nguvu ya kwenye PTO, shafti inayozungusha vifaa vya nyuma, hupungua, ingawa shafti hiyo haipiti kwenye mota ya haidrostatiki, kwa sababu pampu zinaendelea kuzungushwa tu. Kubota L2501 ni mfano mzuri kwa kuwa injini ni ileile kwenye aina zote mbili: la gia limeandikwa nguvu za farasi 20.5 kwenye PTO, la haidrostatiki 19. Kwa mashine ya kunyunyizia dawa tofauti hiyo haionekani. Kwa rotaveta kwenye udongo uliokauka inaonekana.

Na udongo wetu unakauka kwelikweli. Waingereza walipofungua mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 waligundua kwamba ardhi ile kiangazi inakuwa ngumu kupita kiasi na chembechembe zake zinakula chuma cha jembe. Haijabadilika. Mkulima anayetaka kukatua kabla ya mvua ya kwanza, kwa jembe la sahani, kwa trekta dogo la haidrostatiki, amechagua mazingira yote matatu yanayolimaliza: mzigo wa kuvuta usiokatika, mwendo wa polepole, na hewa ya moto yenye vumbi. Kwa kazi hiyo nunua la gia. Hapa sina mashaka, na mtu anayelimia watu kwa ekari, ambaye trekta lake halitoki shambani Novemba hadi Januari, asipoteze muda kulinganisha.

Mambo yanageuka kwenye zabibu. Mistari ni myembamba, kugeuka ni kwingi, dereva anasimama na kuondoka kila baada ya hatua chache, na dawa ya ukungu lazima itoke kwa shinikizo lilelile muda wote. Matrekta mengi ya bei nafuu ya gia yana klachi ya hatua moja: ukiikanyaga ili kusimama, PTO nayo inasimama na pampu ya dawa inazima. Dereva akichoka na hilo anaanza kuegemeza mguu kwenye klachi, nusu amekanyaga nusu ameachia, na hapo pleti inaungua. Kwenye haidrostatiki anaachia pedali, trekta linasimama, PTO inaendelea kwa mizunguko ileile. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, maana yake dawa, kupalilia kati ya mistari na kusomba makreti ni kazi ya mwaka mzima, nyepesi lakini ya kusimama na kwenda. Ndipo haidrostatiki inapodumu kuliko klachi. Vivyo hivyo kwa kijiko cha mbele kinachozoa samadi kwenye mazizi: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara mia kwa siku. Ukiipa klachi kavu kazi hiyo, andaa na hela ya pleti.

Kusomba maji kwa tela barabarani ni kazi ya gia, bila mjadala mrefu. Mwendo ni mmoja kwa kilomita nyingi, na giaboksi haihitaji kubadilisha nguvu kuwa shinikizo la oili na shinikizo hilo kuwa nguvu tena. Kwenye majaruba ya mpunga Bahi adui ni maji kupenya kwenye oili sili za eksele, na hilo halichagui mfumo. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Imwage siku hiyohiyo, usingoje wikiendi.

Oili na filta

Hapa ndipo trekta la haidrostatiki linapookolewa au kupotezwa, na kwa bahati mbaya ndipo watu wanapobana senti.

Kwanza, oili yenyewe. Kwenye matrekta madogo mengi, ya gia kwa ya pedali, oili moja inahudumia giaboksi, difu, haidroliki ya kunyanyua na breki zilizozama kwenye oili. Ni oili maalumu ya trekta, inayouzwa kwa madumu ya lita 20, na kitabu cha trekta kinataja kiwango chake. Oili ya kawaida ya haidroliki namba 68 itaendesha pampu, lakini breki zitapiga kelele na kushika vibaya kwa kuwa haina viungo vya msuguano. Oili ya injini namba 40 iliyobaki kwenye lori ni nzito mno asubuhi. Kuchanganya aina mbili "kwa kujaziza tu" ndiyo njia ya kawaida ya kupata povu. Ujazo wa trekta dogo huwa kati ya lita 15 na 30, kwa hiyo kununua dumu moja ukidhani linatosha, kisha kukuta limepungua lita nne, ndiko kunakozaa michanganyiko hiyo. Soma ujazo kwanza.

Pili, muda. Kwenye matrekta mengi mapya filta ya haidrostatiki hubadilishwa mara ya kwanza saa 50, kisha kila saa 200. Oili hubadilishwa kila saa 400 au zaidi kulingana na kitabu. Ile ya saa 50 ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu vyuma vipya vinapozoeana hutoa ungaunga mwingi, na huo ungaunga unatafuta pa kukaa. Kwa vumbi la hapa, filta ya kila saa 200 ningeishusha hadi 150. Oili inaweza kusubiri ratiba yake. Filta ni bei ya kuku wachache. Pampu mpya, hata Marekani ambako zimejaa, ni dola elfu kadhaa.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Endesha trekta dakika 15 hadi 20 ili oili ipate joto na uchafu uelee, kisha egesha mahali tambarare pasipo na upepo wa vumbi, shusha kifaa cha nyuma, zima, funga breki ya mkono. Kabla ya kugusa spana, osha eneo lote la filta, la nati za kumwagia na la dipstiki, ulikaushe. Fundi atakayeruka hatua hii ili kuokoa nusu saa anaingiza vumbi jipya kwa mkono wake mwenyewe. Fungua nati zote za kumwagia. Mara nyingi si moja, kuna ya katikati chini ya giaboksi na moja kwa kila upande wa eksele ya nyuma, na ukiiacha ya pembeni umebakiza lita kadhaa za oili chafu. Toa filta zote mbili, ya haidrostatiki na ya haidroliki. Kuna matrekta yenye sumaku ya duara ndani au nje ya filta. Ipanguse, usiitupe na filta ya zamani.

Kisha ikate filta ya zamani uitazame, lakini usitumie msumeno wa chuma, maana chembe za msumeno zitakudanganya. Tumia mkasi wa bati au kisu kigumu. Ute wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole si vya kawaida. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba kwenye mikunjo ya filta ni habari mbaya kuliko zote, kwani zinatoka kwenye viatu vya pistoni au bamba lake. Ukiziona, usirudishe trekta kwenye jembe. Lifanyishe kazi nyepesi saa 20, ubadilishe filta tena, uikate tena. Zikiongezeka, anza kutafuta pampu wakati trekta bado linatembea.

Filta mpya ipake oili safi kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Oili imiminwe kupitia faneli yenye chujio, kutoka kwenye dumu jipya lililofunguliwa hapohapo. Dumu lililokaa wazi stoo lina vumbi hata kama halionekani. Washa, iache injini itulie dakika chache bila resi, zima, pima, jaziza. Washa tena, weka lo, kanyaga pedali kidogo mbele, kidogo nyuma, mara kadhaa, hadi mlio wa hewa uishe. Usipandishe resi kabla mlio haujaisha.

Kila siku ya kiangazi kuna kazi nyingine isiyo na gharama: kusafisha rejeta na rejeta ndogo ya oili. Makapi ya alizeti na majani makavu huziba nafasi za mbavu, na haidrostatiki inapika. Puliza kwa hewa ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume na feni inavyovuta. Ukipuliza kutoka mbele unayasukuma makapi ndani zaidi. Pampu nyingine zina kifeni chake kidogo chini ya sakafu ya dereva, cha plastiki, ambacho hakuna anayekikumbuka hadi mbawa zimekatika. Angalia pia tundu la kupumulia la giaboksi. Likizibwa na tope, joto likipanda shinikizo linatafuta njia kupitia oili sili.

Kipimajoto cha mwanga cha mkononi kinauzwa bei ndogo na kinafaa kuliko kubahatisha. Elekeza kwenye nyumba ya pampu baada ya nusu saa ya kazi. Ikikaribia nyuzi 90, pumzisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya oili kwa nusu, na wala hawatii chumvi. Kama huna kipimajoto, tone la maji likirukaruka na kuvukiza papo hapo umeshapita mia.

Likipoteza nguvu, usianze na pampu

Pampu nyingi za haidrostatiki hufunguliwa zikiwa hazina kosa. Fuata mpangilio wa bei: cha bure kwanza.

Pima oili, trekta likiwa tambarare. Badilisha filta. Kagua vyuma vya pedali: bolti iliyolegea au kiungo kilichojaa tope kinaweza kuizuia sahani isiiname hadi mwisho, na trekta likawa zito bila ugonjwa wowote ndani. Trekta linalotambaa lenyewe ukiwa umeachia pedali mara nyingi ni chemchemi au kirola cha nyutro kilicholika, kazi ya saa moja. Nguvu ikipungua upande mmoja tu, tuseme mbele ni dhaifu lakini rivasi ni imara, shuku valvu ya usalama ya upande huo. Pampu iliyochakaa hudhoofika pande zote mbili. Baada ya hapo ndipo funga geji kwenye tundu la kupimia shinikizo la pampu ya kulishia, injini ikiwa ya moto, ulinganishe na kitabu. Shinikizo likiwa chini, tatizo linaweza kuwa mpira wa bomba la kuvutia unaoingiza hewa, au pampu ya kulishia yenyewe, vitu vinavyobadilishwa bila kugusa pistoni. Shinikizo likiwa sawa baridi na likiporomoka moto, sasa una sababu ya kufikiri kuhusu pampu kubwa na mota.

Kuna kosa la dereva linalofanana na ugonjwa. Trekta likizidiwa, mguu unataka kukanyaga zaidi, kwa mazoea ya gari. Kwenye haidrostatiki ukikanyaga zaidi unaomba mwendo zaidi, siyo nguvu. Injini inazama au valvu ya usalama inafunguka kwa mlio wa filimbi, na oili inapata moto kwa sekunde. Punguza pedali. Kama bado, shuka lo. Mlio huo usiuache uendelee, hata kama mwenye shamba anapiga makofi.

Kwa gia uchunguzi ni wa masikio. Weka nyutro, injini ikitembea, mguu nje ya klachi. Ngurumo inayosikika hapo na kutoweka ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi. Mlio unaoanza ukikanyaga ni rilizi beringi. Gia inayokwaruza kuingia wakati umekanyaga hadi mwisho ina maana klachi haiachii: pengine uhuru wa pedali umezidi, pengine pleti imepinda, au pailoti beringi imeganda. Uhuru huo kwenye matrekta madogo mengi ni milimita 20 hadi 30. Ukiisha kabisa, rilizi beringi inazunguka muda wote na pleti inateleza bila mtu kuigusa, na ndivyo klachi nyingi zinavyokufa huku dereva akiapa kwamba hakuiegemea. Kurekebisha ni nati moja na dakika kumi. Gia inayoruka yenyewe ukipunguza resi ni meno ya kola au kijiti cha uma kilicholika. Wengi huikamata kwa mkono au kuifunga mpira, nao hulipia meno yote badala ya uma mmoja.

Kubadilisha klachi ya trekta ni kulitenganisha katikati, injini upande huu, giaboksi upande ule, kila kipande kwenye stendi imara. Ukishafika huko badilisha pleti, rilizi beringi, pailoti beringi na oili sili ya nyuma ya injini kwa pamoja, na flaiwili ipelekwe kusawazishwa. Oili sili ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo inayolowanisha pleti mpya na kukurudisha gereji.

Fundi na spea

Hoja kwamba hakuna fundi wa haidrostatiki Dodoma ina nusu ya ukweli. Mafundi wa trekta, waliokulia kwenye Massey Ferguson, wengi hawajaifungua na hawana geji. Lakini rola za kushindilia barabara zinatembea kwa haidrostatiki, na tangu Serikali ilipohamia Dodoma na ujenzi kushika kasi, mitambo ya aina hiyo imejaa, kuanzia mitaa ya Mji wa Serikali Mtumba hadi barabara ya mzunguko. Fundi anayehudumia rola anaijua sahani, anajua shinikizo la kulishia, na ana geji. Mtafute huyo. Hosi zilizopasuka nazo hubanwa upya mjini.

Spea ni hadithi nyingine. Pleti na beringi za matrekta ya kawaida ya gia zinapatikana hapa au zinafika kwa basi kutoka Dar es Salaam kesho yake. Sehemu za ndani za pampu ya haidrostatiki huagizwa nje, kwa namba ya utambulisho ya trekta, na msimu wa kupanda hautakungoja. Mwenye trekta la pedali aingie Novemba akiwa na filta mbili za haidrostatiki stoo, dumu la oili lisilofunguliwa, na seti ya mipira ya bomba la kuvutia.

Ukinunua lililotumika

Matrekta madogo ya Kijapani yaliyotumika huja yamepakwa rangi mpya na mita ya saa ambayo hupaswi kuiamini. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Haidrostatiki iliyochoka hupendeza ikiwa baridi na huumbuka ikiwa moto, na gereji ya mjanja itakuonyesha ya baridi. Lifanyishe kazi nusu saa nzima. Kisha weka lo, sogeza pua taratibu hadi kwenye tuta imara la udongo, kanyaga pedali polepole. Tairi zizunguke zenyewe kwenye udongo au injini izame kwa mzigo. Tairi zikisimama huku pampu ikilia na injini ikitembea bila shida, oili inapita ndani bila kufanya kazi. Rudia kwa rivasi. Chomoa dipstiki, nusa: harufu ya kuungua hubaki hata baada ya kuongezwa oili mpya.

Kwa la gia, jaribu gia zote ukiwa na mzigo, achia klachi kwa gia ya juu huku umekanyaga breki: injini lazima izimike. Isipozimika, pleti inateleza.

Kuna mambo mawili ya kijijini ambayo hayamo kwenye karatasi ya muuzaji. La gia likiishiwa betri litawaka kwa kusukumwa au kwa mteremko; la haidrostatiki haliwezi, tairi haziwezi kuizungusha injini kupitia oili, kwa hiyo waya za kushtulia ziwe chini ya kiti siku zote. Na likiharibikia shambani usilikokote hivihivi. Weka liva ya lo na hai katika nyutro ili tairi ziachane na mota, vuta polepole, mwendo mfupi, hadi mahali lori linapoweza kulipakia.